Bahasha Mia Nne na Kumi na Mbili za Nywele

Hotuba ya Mratibu Mkuu wa Kanda wa Mradi wa Kubaini Asili za Wakazi kwa Njia ya Vinasaba, Mheshimiwa Faraja Victor Makelemo, aliyoitoa Kihonda, Morogoro, Jumamosi ya pili ya Machi mwaka 2000, wakati wa kuzindua Awamu ya Pili ya Mradi. Imenukuliwa na katibu muhtasi wake, Brenda, aliyeagizwa asiache hata neno moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametutumia salamu pamoja na kiti chake, na kiti tunakiona. Waheshimiwa Wawakilishi wa Wawakilishi wa Wafadhili wetu wa ndani na wa nje. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Wakuu wa Vitengo, na Makaimu wa hao wote, ambao ndio hasa waliofika. Wahadhiri mabingwa kutoka chuo kikuu, pamoja na wanafunzi wenu mliowaambia kwamba kutakuwa na soda. Viongozi wetu wa dini. Wazee wetu maarufu, na wale ambao umaarufu wao bado uko kwenye mchakato. Mabwana na Mabibi Afya, Kilimo, Mifugo na Maendeleo. Ndugu waandishi wa habari, ambaye yuko mmoja. Akina mama wa ngoma kutoka Kilakala, ambao mmetutumbuiza mpaka mkaishiwa nyimbo kutokana na mimi kuchelewa kwa saa tatu kwa sababu za kikazi. Wananchi watukufu wa Morogoro Mjini na wa hapa Kihonda. Na ninyi wapenzi wangu mlioteremka leo kwa lori kutoka huko juu Uluguru. Mabibi na Mabwana: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wale ambao hawajaamua, habari za saa hizi!

(Makofi. Akina mama wa ngoma hawapigi, wanakunywa maji.)

Nikisema "Asili yangu", ninyi mseme "Fahari yangu". Asili yangu!

(Wengine: "Fahari yangu!" Wengine: "Soda yangu!" Kicheko upande wa wanafunzi.)

Ahsanteni sana. Ndugu wananchi, kabla sijaingia katika hotuba yenyewe, ambayo ina kurasa thelathini na nne na viambatisho, niseme kwamba nimeguswa sana. Nimeguswa kwa sababu nikitazama pale kwenye lori namwona mama mmoja amekuja na jembe jipya, bado lina lebo ya duka, na pembeni yake ana mfuko ambao naambiwa una mbegu ya mpunga. Huyu mama, ndugu zangu, hakusubiri kuambiwa, yeye amesikia kwamba leo Mratibu Mkuu anazindua Awamu ya Pili akasema moyoni, "Niende na jembe langu nikachimbe msingi." Huo ndio tunaouita ushirikishwaji wa wadau katika ngazi ya jembe! Mpigieni makofi.

(Makofi. Mama mwenye jembe hacheki. Anaitwa Bibi Pili, wa huko juu Kinole. Namfahamu, amekuja ofisini kwetu mara kumi na tisa.)

Sasa niingie kwenye mada. Dunia imebadilika. Zamani tulipanga foleni ya sukari, na ukiuliza mtu asili yake anakutajia namba ya nyumba kumi. Leo, katika zama hizi za soko huria, utandawazi, ubinafsishaji, uwazi, na kompyuta ambazo juzi juzi tu tulitishiwa kwamba zingezimika zote saa sita kamili mwaka elfu mbili ukiingia, na hazikuzimika kwa sababu ofisi yangu ilichukua tahadhari ya kutokuwa nayo hata moja. Leo, narudia, mtu asiyejua asili yake ni sawa na bidhaa isiyo na lebo. Mwekezaji akija atamwuliza, "Wewe umetengenezewa wapi?" Atajibu nini?

(Sauti kutoka kwa wazee: "Atajibu Kinole!")

Huyo ni Mzee Yohana, nimemsikia, nitamfikia. Kwa hiyo ofisi yangu, baada ya fizibiliti stadi, baada ya warsha saba, semina elekezi nne na kongamano moja lililofanyika Bagamoyo kwa sababu ya utulivu, ikabuni Mradi huu wa kisayansi, ambao haujapata kutokea katika ukanda huu, wala ukanda wa jirani, wala ukanda wa jirani yake.

Mtaalamu mwelekezi wetu, aliyekaa nasi siku nne, akatufundisha, nami nimefanywa mwepesi wa kuelewa, hivyo nitawaeleza kwa lugha rahisi. Ndani ya kila chembe ya mwili wako kuna maandishi madogo sana yanayoitwa vinasaba. Yako maandishi fulani ambayo mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, lakini anayeyapeleka mbele kwa kizazi kingine ni mtoto wa kike peke yake. Kwa wa kiume yanafika na kulala hapo hapo. Ukiyafuata hayo unapanda kwa mama, kwa bibi mzaa mama, kwa mama yake bibi, unapanda kama mtu anayepanda Uluguru bila kupumzika mpaka unafika kwa mama mmoja wa kale ambaye hakuna anayemjua jina. Na yako maandishi mengine ambayo baba humpa mtoto wa kiume tu, naye akampa wa kwake, mpaka kwa babu wa mababu. Nikamwuliza yule mtaalamu, "Kwa hiyo mtu mmoja ana asili mbili?" Akasema ndiyo. Nikaandika. Nikapiga mstari chini.

Sasa tulipopeleka elimu hii huko juu, Mzee Yohana, huyu huyu, akasimama kwenye mkutano wa uhamasishaji akauliza, "Huyu mgeni amesafiri kutoka wapi?" Tukamwambia Ulaya. Akasema, "Amepanda ndege kuja kutuambia kwamba lukolo mtu huchukua kwa mama na jina huchukua kwa baba?"

(Kicheko kirefu. Wazee wanagongana viganja.)

Mnacheka! Ni kweli kwamba Waluguru tangu enzi wanahesabu ukoo, yaani hiyo lukolo, kwa upande wa mama, na shamba la ukoo linapita huko huko, kwa dada na watoto wa dada, na baba anabaki na sehemu yake ya kumpa mtoto jina. Sikatai. Lakini ndugu zangu, hayo mliyajua kwa mazoea! Hamkuyajua kisayansi! Sayansi haiwezi kusimama kusubiri watu kwa sababu tu watu hao wanajua tayari.

Sasa matokeo ya awali ya Awamu ya Kwanza, na naomba mwandishi wa habari aandike. Tumehoji wakazi mia nne na kumi na wawili. Kati ya hao, asilimia mia moja wamethibitika kuwa na mama. Asilimia tisini na saba wamethibitika kuwa na baba. Asilimia tatu walisema swali hilo waulizwe mama zao. Kuhusu walikotoka mababu, asilimia arobaini walisema walitoka juu wakashuka, asilimia thelathini na nane walisema walitoka chini wakapanda, na waliobaki walisema wao walikuwepo tu, na hao wengine wote ndio wageni wao. Hii ni data! Mahali pengine hamuwezi kuipata!

(Makofi. Mbuzi anatoka nyuma ya lile pazia kubwa la kijani lililo nyuma ya jukwaa, ambako kuna Maabara itakayozinduliwa. Anatafuna kitu.)

Msijali, huyo ni wa eneo la mradi. Mimi mwenyewe, kama kiongozi, nilisema sitawapima wananchi kabla sijajipima. Kwa tathmini ya awali niliyoifanya ofisini kwa kutumia kioo na kitabu cha historia, nimebaini kwamba kwa upande wa baba ninatokana na watawala kumi na mmoja mfululizo, wa mwisho wao akiwa baba yangu, ambaye alitawala ghala la mkonge. Paji langu la uso hili, kwa wale walio mbele wanaoliona, ni paji la utawala. Upande wa mama sikuupima. Marehemu mama yangu, Angelina, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa kawaida tu, aliyeteremka kutoka huko huko juu akiwa msichana, akauza ndizi mbivu pale stesheni ya reli mpaka nikamaliza shule, na hakuacha kumbukumbu yoyote ya maandishi. Kwa hiyo kisayansi hapo hatuna pa kuanzia, tukapaacha wazi.

(Bibi Pili anasimama ndani ya lori. Anamtazama Mheshimiwa kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu usoni kwake. Anaketi. Anamnong'oneza Mzee Yohana.)

Nirudi kwenye sampuli. Ilitakiwa damu, lakini wananchi walisema damu hawatoi, wakatoa sababu ambazo sitazirudia mbele ya wafadhili. Tukakubaliana nywele: nywele tatu kwa kila mtu, pamoja na mizizi yake. Na hapo ndipo nilipogundua uzito wa uongozi. Ninyi mnajua, na mimi najua, mtu wa huku hampi mtu asiyemfahamu unywele wake hivi hivi. Kinyozi mwenyewe ukimaliza kunyolewa unamwangalia anazifagilia wapi. Wakaniuliza, "Mheshimiwa, nywele zetu zinakwenda wapi? Zitalala wapi? Nani mwingine ataziona?" Nikatumia diplomasia. Nikasema: kila mtu atatia nywele zake mwenyewe kwenye bahasha ya kaki, atalamba gundi mwenyewe, atafunga mwenyewe, atatia alama yake mwenyewe, na siku ya mwisho atarudishiwa bahasha yake mkononi. Mzee Yohana akakataa hata hivyo mpaka nimwandikie stakabadhi. Nikamwandikia! Ninayo nakala: "Nimepokea kwa Mzee Yohana nywele tatu, mbili nyeupe moja nyeusi, na nitazirudisha kama zilivyo." Sahihi yangu, mhuri wangu. Nionesheni kiongozi mwingine nchi hii aliyewahi kusaini kwa ajili ya mvi!

(Makofi makubwa. Mzee Yohana anainua stakabadhi juu. Ameiwekea karatasi ya nailoni.)

Palikuwa na changamoto ndogo. Fomu zilichapishwa Dar es Salaam, na zilikuwa na nafasi ya jina la baba, babu, na baba wa babu, lakini nafasi ya mama haikuwepo. Huku ambako kila kitu ni kwa mama! Tukaelekezwa tujaze hivyo hivyo. Sasa kule juu watoto wa tumbo moja walijikuta kwenye koo tatu tofauti, na watu wasiojuana kabisa wakajikuta ndugu kwa sababu baba zao wote waliitwa Maneno. Lakini walisalimiana vizuri na kupeana maji, na huo tunauhesabu kuwa ni impakti chanya.

Na nikisema impakti, ndugu zangu, niwape mfano hai wa namna Mradi ulivyogusa maisha ya wananchi. Yupo marehemu Mzee Athumani, wa Kinole, aliyefariki mwaka tisini na sita, akaacha shamba zuri sana kwenye mteremko, lenye migomba na michungwa na sehemu ya mpunga wa mlimani. Pakatokea mgogoro. Upande mmoja ni Bibi Pili, yule yule mama yetu mwenye jembe, mtoto wa dada yake marehemu, anayesema shamba ni la lukolo, alilipata mjomba kwa mama yake na linarudi kwa watoto wa dada. Upande wa pili ni ndugu yetu Abuu, mtoto wa kumzaa wa marehemu, yupo hapa mbele kwenye kivuli, amevaa tai, anayesema yeye ni damu ya baba, na kwamba dunia ya sasa ni ya watoto, wala si ya wapwa. Naye ameshapata mwekezaji wa kujenga pale hoteli ya watalii. Wazee walitaka kuamua kwa mila. Nikasema hapana! Nikawaambia, "Tumieni sayansi! Mradi utapima, utaonesha nani ni nani!" Na nikatoa zuio, la kwanza la aina yake, ambalo nalisoma kwenu kwa fahari, kwa kuwa niliandika mwenyewe bila kusaidiwa:

"Shamba tajwa lisilimwe, lisipandwe, lisivunwe wala lisiuzwe na upande wowote ule, kuanzia siku Mradi utakapoanza rasmi kupima sampuli, hadi siku majibu yatakapotangazwa hadharani."

Lugha hiyo! Na amani imekuwepo. Miaka mitatu hakuna hata ugomvi mmoja, kwa sababu hakuna kitu pale cha kugombania, ni majani tu.

(Bibi Pili anasema kitu bila kusimama. Naandika kama nilivyosikia: "Masika matatu. Wajukuu wangu wamekula mpunga wa kununua, na shamba naliona nikiwa mlangoni.")

Nakushukuru kwa mchango, mama. Uvumilivu wako umeingia kwenye ripoti, ukurasa wa tisa.

Sasa ahadi, kwani kiongozi bila ahadi ni kama ngoma bila wambo wa ngozi. Katika Awamu ya Pili, kila mkazi atapewa Kadi ya Asili yenye rangi mbili, nyekundu kwa mama na bluu kwa baba. Tutajenga Makumbusho ya Mababu, ghorofa mbili, mababu wa kiume chini kwa sababu ya magoti. Tutafungua ukurasa kwenye intaneti ambapo mtu wa Kihonda ataweza kumpata binamu yake wa karne ya kumi na tatu, pindi simu ya ofisi itakaporudishwa. Nyuma yangu hapa, kwenye pazia hili, kuna kitu ambacho nikikifunua mtalia machozi. Na kwa kuwa ninaamini katika uwazi, kabla ya kukifunua ninatimiza ile ahadi yangu ya nywele. Mzee Yohana hakunipa usingizi kwa miaka mitatu. Dada Brenda, gawa bahasha!

(Ninagawa. Ziko kwenye boksi la viatu, zile zile mia nne na kumi na mbili. Hakuna iliyopotea, maana nimezitunza mimi. Mzee Yohana anaipokea yake, anaipeleka kwenye jua, anahesabu: "Mbili nyeupe, moja nyeusi." Anaikunja, anaitia mfukoni. Bibi Pili anaigeuza yake mara mbili. Sasa amesimama.)

Naona mama yetu anataka kutoa neno la shukrani. Mpeni nafasi, kwa kifupi.

(Bibi Pili: "Bahasha yangu nililamba mwenyewe. Sikuiamini gundi, nikaifunga na uzi nilioutoa kwenye upindo wa kanga hii niliyovaa leo. Uzi huu hapa, na fundo ni langu. Haijafunguliwa. Mmepima nini?")

(Watu wote wanageuza bahasha zao. Mlio wa karatasi uwanja mzima.)

Swali zuri. Swali zuri sana, na ni dalili ya uhai wa jamii. Naomba nilijibu ndani ya utaratibu, kwa kuwa jibu lake liko katika ukurasa wa thelathini na tatu, sehemu ya shukrani, ambayo ndiyo nilikuwa naiendea.

Kwanza, niwashukuru kwa dhati wafadhili wetu, ambao tangu mwanzo walionesha nia ya kufikiria, na ninaamini wanafikiria hadi leo. Niishukuru kampuni ambayo ingetuletea mtambo wa kupimia, na naamini ingeuleta, kama ingeombwa. Nimshukuru mkandarasi atakayepatikana, kwa kazi nzuri ambayo angeifanya. Nimshukuru mtaalamu mwelekezi, aliyetufundisha siku nne na kutuahidi kurudi na wenzake, na hatujaacha kumtarajia. Niwashukuru watumishi wa Mradi, yaani mimi na Dada Brenda, kwa kuwa Mradi haukuwahi kupewa wengine. Nilishukuru boksi la viatu. Na mwisho niishukuru Maabara yenyewe, ambayo sasa naifunua.

(Anavuta kamba. Pazia linaanguka. Kuna jiwe moja lenye jina la Mheshimiwa, na mbuzi wa pili.)

(Hakuna makofi. Mwanafunzi mmoja: "Dah, Mheshimiwa!")

Ni jiwe la msingi. Msingi wenyewe utafuata.

(Bibi Pili ameshuka kwenye lori, amekuja mpaka mbele ya jukwaa na jembe lake. Ananiomba kipaza sauti. Nimempa. Sikuagizwa nisimpe.)

(Bibi Pili: "Kwa hiyo kupima hakujaanza?")

Kimaandalizi kumeanza, mama. Kiutekelezaji, bado.

("Hata siku moja?")

Hata siku moja.

("Naomba unisomee tena ile karatasi ya zuio. Ile lugha yako nzuri.")

"Shamba tajwa lisilimwe, lisipandwe... kuanzia siku Mradi utakapoanza rasmi kupima..."

(Mheshimiwa anaisoma tena kimoyomoyo. Naona midomo yake.)

(Bibi Pili: "Kama kupima hakujaanza, na zuio lako halijaanza. Mzee Yohana, umesikia? Amesema mwenyewe mbele ya watu, na wa gazeti yupo. Leo hii napanda mpunga.")

(Vigelegele kutoka kwenye lori. Akina mama wa Kilakala wamekumbuka wimbo. Abuu anasimama, tai imekaa upande, anasema kwa nguvu: "Na mimi je? Mimi si mtoto wa baba yangu?")

Ndugu Abuu, naomba utulivu, kuna kipengele...

(Bibi Pili: "Abuu, nani amekukatalia? Jina la mjomba unalo, na ile michungwa aliipanda baba yako kwa mkono wake, njoo uchume mpaka uchoke, chumba chako kipo. Lakini udongo aliukuta, akauacha. Na wewe utauacha. Huyo mwenye hoteli mtafutie mahali pengine.")

(Abuu anaketi. Anamwuliza jirani yake kama michungwa bado ipo. Anaambiwa ipo.)

Ndugu wananchi, kama mnavyoona, Mradi unaendelea kutoa matunda hata baada ya... hata kabla ya... Naomba nihitimishe.

(Bibi Pili: "Bado sijamaliza na wewe, Faraja.")

(Namna alivyotaja jina hilo, hata mimi niliacha kuandika kidogo.)

("Umesema mama yako Angelina hakuacha kumbukumbu. Kumbukumbu ni mimi. Leo nimekutazama nikasema hebu, huyu kidevu chake nakijua. Nikamwuliza Mzee Yohana, akanithibitishia. Angelina aliyeshuka mjini akauza ndizi stesheni, bibi yake na bibi yangu ni watu wa ziwa moja, walinyonya titi moja. Lukolo moja. Nilimsuka nywele mimi siku anaondoka. Alisema atarudi na mtoto wake tumwone, hakujaliwa. Mimi ni mama yako mdogo, Faraja. Mara kumi na tisa nimekuja ofisini kwako ukaniambia 'mama, subiri hapo nje.' Miaka mitatu umelifungia shamba la kwenu.")

(Mheshimiwa anaikunja hotuba. Hapa jua bado ni kali, ila huko juu Uluguru wingu limetanda.)

Mimi... Waheshimiwa... Hii haimo kwenye hotuba.

Mama alikuwa akinisimulia kuna shamba lenye mteremko, ukisimama juu asubuhi unaona mawingu yako chini yako. Nilidhani ni hadithi za kumlaza mtoto. Nimesaini zuio la shamba hilo na sikwenda kulitazama. Nimejitafutia watawala kumi na mmoja kwenye kioo, na mtu aliyemsuka mama yangu nywele nimemkalisha kwenye benchi la nje, na naona aibu, ndugu zangu. Naona aibu kweli. Dada Brenda, hilo pia andika.

(Nimeandika.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, natangaza kwamba zuio halipo, na halikuwahi kuwepo. Awamu ya Pili imefungwa pamoja na ya Kwanza. Maabara, Makumbusho na Kadi za rangi mbili zimeahirishwa hadi zitakapohitajika na mtu. Jiwe libaki, mbuzi wamelizoea. Kuhusu tathmini ya jumla, naomba iingie kwenye ripoti hivi: Mradi wa Kubaini Asili za Wakazi umefanikiwa kwa asilimia mia moja. Aliyepimwa ni mmoja, na kwao kumeonekana.

Shikamoo, mama mdogo.

(Bibi Pili: "Marahaba, mwanangu.")

Na sasa, kwa wakubwa na wadogo, kwa waliokaa juani na waliokaa kivulini, na kwa soda ambazo kwa bahati mbaya nazo zilikuwa kwenye Awamu ya Pili, nawashukuruni kwa kunisikiliza. Zimebaki kurasa ambazo sitazisoma. Tuagane kwa sauti moja. Asili yangu!

(Bibi Pili, ameshapanda kwenye lori, amesogea akiacha nafasi ya mtu mmoja karibu na mfuko wa mbegu: "Vua hilo koti uje, Faraja, mvua hiyo inashuka!")